Goma: Kufanya vidanji ya gari nyumbani, kazi ya saa moja inayoomba uangalifu

Mafuta mapya yanaongeza maisha ya moteri, lakini yale ya zamani yakimwagwa kwenye mawe ya volkano yanaenda mbali kuliko inavyoonekana

Goma, Kivu ya Kaskazini – Kubadilisha mafuta ya moteri, kazi ambayo kila mtu huku anaiita vidanji, haifanyiki tena ku garaji peke yake. Katika parseli za Himbi, Katindo ao Ndosho, si ajabu kuona mwenye gari ameinama chini ya gari yake, ufunguo mkononi, beseni karibu. Wengine wanafanya hivyo kwa kupunguza matumizi ya feza. Wengine wanataka kuona kwa macho yao mafuta gani yanaingia ndani ya moteri, sababu wameshachoka kulipia mafuta mazuri bila kuwa na hakika kama ndiyo waliyowekewa.

Kazi yenyewe si ngumu. Mtu mwenye vyombo vinne ao vitano anaimaliza kwa saa moja. Lakini makosa machache yanaweza kuua moteri siku hiyo hiyo, kosa moja linaweza kuua mtu, na lingine linaweza kuchafua maji ambayo wakaaji wa mji wanakunywa.

Kwa nini barabara za Goma zinaomba vidanji ya mapema

Mafuta ya moteri hayafanyi kazi ya kulainisha tu. Yanapoza sehemu zinazosuguana, yanazuia kutu, na yanabeba masizi na vumbi la chuma mpaka kwenye filtre. Ndiyo maana mafuta yanageuka meusi. Kwa gari ya mazuti, weusi huo unaonekana kisha siku chache tu, na haumaanishi kama mafuta yameshakufa. Unaonyesha kama yanafanya kazi yake ya kusafisha.

Shida inakuja wakati mafuta yameshabeba uchafu wote yanaoweza kubeba. Yanakuwa mazito, yanashikamana kama tope, na vijia vyembamba vya ndani vinaziba. Kutoka hapo, chuma kinaanza kukwangua chuma.

Vitabu vya watengenezaji wengi vinasema vidanji ifanyike kila km 10.000 kwa matumizi ya kawaida, na mapema zaidi, mara nyingi kwa nusu ya hapo, kwa matumizi magumu. Matumizi magumu ni nini? Vumbi nyingi, safari fupi fupi, mwendo wa polepole, gari kusimama muda mrefu moteri ikizunguka, na mizigo mizito. Mtu anayejua barabara za mitaa ya Goma, mawe yake meusi na vumbi la kiangazi, anaweza kuona kama gari yake iko katika kundi hilo. Taksi inayozunguka mjini toka asubuhi mpaka usiku iko ndani kabisa.

Kwa hiyo, km 5.000 ni kipimo kizuri kwa magari mengi ya hapa. Gari isiyotembea sana isipitishe miezi sita, sababu mafuta yanazeeka hata kama gari inalala.

Gari imetoka Japani, kitabu chake hakipo

Magari mengi ya mjini ni ya okazio kutoka Japani, yaliyopitia bandari za Dar es Salaam ao Mombasa. Yanafika bila kitabu, ao na kitabu cha Kijapani. Lakini gari yenyewe inaweza kusema mambo mengi.

Kwanza, kuna karatasi ndogo ya kubandika ambayo garaji za Japani zinaweka, mara nyingi pembeni ya mlango wa dereva ao chini ya kapo. Inaonyesha tarehe ya vidanji ya mwisho na kilometa. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya Kijapani: H30 ni mwaka 2018, R1 ni 2019, R5 ni 2023. Kama kilometa za kwenye karatasi zinapita zile za kwenye kontere, mnunuzi anajua kama kontere imerudishwa nyuma.

Pili, kwenye kifuniko cha kutilia mafuta, magari mengi yana aina ya mafuta iliyoandikwa hapo hapo, mfano 5W-30 ao 0W-20.

Tatu, jina la moteri linaonyesha kiasi. Moteri 1NZ-FE, ile inayopatikana katika Toyota Vitz, Ist na Probox nyingi, inachukua karibu litre 3,7 pamoja na filtre. Kinyume chake, moteri 1HZ ya mazuti ya Land Cruiser inaomba karibu litre 10. Mwenye gari asinunue kwa kukisia.

Kusoma kopo kabla ya kutoa feza

Kwenye kopo la mafuta kuna maandishi mawili ya lazima. La kwanza ni unene: 5W-30, 10W-30, 15W-40, 20W-50. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha namna mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi, na ile ya nyuma unene wake moteri ikiwa moto. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari lakini haina baridi ya barafu, kwa hiyo 10W-30 inaweza kutumika katika moteri nyingi zinazoomba 5W-30. Kutia 20W-50 katika moteri ndogo ya kisasa ni jambo lingine. Mafuta mazito yanachelewa kufika juu asubuhi, na esansi inatumika zaidi. Kuna wenye kuyatia kwa kuficha moteri inayokula mafuta. Dawa hiyo inanyamazisha ugonjwa bila kuuponya.

Andiko la pili ni herufi za API. S ni ya moteri za esansi, C ni ya moteri za mazuti. Herufi inayofuata S inaonyesha kizazi: inavyoendelea mbele katika alfabeti, mafuta ni ya kisasa zaidi. SF ilitengenezwa kwa ajili ya moteri za mwaka 1988 na za zamani zaidi. SL inafaa moteri za mpaka 2004, SM za mpaka 2010, na SP ilianza mwaka 2020. Mtu mwenye gari ya mwaka 2007 anayenunua kopo lenye SF sababu bei ni nzuri, anaitilia moteri yake mafuta ya kizazi kingine. Mafuta ya kizazi cha mbele yanaweza kutumika katika moteri ya zamani, lakini ya zamani hayafai moteri mpya.

Tena, mnunuzi sherti aangalie kopo lenyewe. Pete ya kifuniko isiwe imekatika, kifuniko kisiwe na alama za kufunguliwa kwa kisu, karatasi isiwe imebandikwa upande. Makopo matupu ya alama zinazojulikana yana bei sababu kuna wenye kuyajaza upya. Mtu akimaliza kutumia kopo, alitoboe ao alikate, labda kama anataka kulitunzia mafuta yake ya zamani.

Vyombo vinavyohitajika

Ufunguo wa kizibo cha chini (kwa Toyota ndogo nyingi ni namba 14), filtre mpya, rondeli mpya ya kizibo, beseni inayoweza kubeba zaidi ya litre 5, bidoni yenye kifuniko, faneli, vitambaa, na ganti za mpira. Ganti si urembo. Mafuta yaliyotumika yana masizi na vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi kwa mtu anayeyagusa kila siku kwa miaka mingi.

Hatari ya kriki

Hapa ndipo kosa linaloua. Kriki inayokuja na gari ni ya kubadilisha pine tu, haikutengenezwa kwa kubeba gari wakati mtu yuko chini yake. Katika parseli za Goma, ambako udongo ni mawe ya volkano yasiyolingana, kriki inaweza kuteleza kwa mguso mdogo.

Kanuni ni moja: hakuna mtu kuingia chini ya gari inayoshikiliwa na kriki peke yake. Gari za juu kama RAV4 ao Prado mara nyingi haziombi kriki kabisa, mkono unafika. Kwa gari za chini, njia nzuri ni kupandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao nene zilizopangwa na kufungwa vizuri, kwenye sehemu tambarare, kuvuta freni ya mkono na kuzuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa. Mwenye kutumia kriki aweke chini ya gari vishikio vya chuma. Kwa usalama zaidi, pine ya akiba ilazwe chini ya ubavu wa gari, ili gari ikianguka, iangukie pine. Watoto wasichezee karibu.

Kazi hatua kwa hatua

Moteri izungushwe dakika tano, kisha izimwe na kupumzika kidogo. Mafuta ya vuguvugu yanatoka vizuri pamoja na uchafu. Mafuta ya moto sana yanachoma ngozi vibaya.

Kifuniko cha juu kifunguliwe ili hewa iingie. Chini, kabla ya kufungua chochote, mtu ahakikishe kama kizibo ni cha moteri. Kosa hili linatokea hata kwa wenye mazoea: gari za otomatiki zina kizibo kingine, cha sanduku la vitesi. Kwa Toyota nyingi kizibo hicho kina tundu la pembe sita katikati, wakati kile cha moteri kina kichwa cha kawaida cha nje. Mafuta ya vitesi mara nyingi ni mekundu. Anayekosea anabaki na sanduku la vitesi tupu, na moteri yenye mafuta mara mbili. Akiwasha gari na kutembea, atalipa piesi zote mbili.

Kizibo kikifunguliwa, mafuta yanaruka mbele kwanza, kisha yanadondoka chini. Beseni ifuate. Yaachwe yatiririke dakika 10 mpaka 15. Wakati huo mafuta yaangaliwe. Vumbi laini la chuma kwenye kizibo ni kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole vinaonyesha kama kuna piesi inayovunjika ndani. Mafuta yenye rangi ya maziwa yanamaanisha maji yameingia, mara nyingi sababu ya joenti ya kulase. Hapo vidanji haitoshi, sherti fundi aitwe.

Kizibo kirudishwe na rondeli mpya. Kianze kwa vidole tu, mizunguko kadhaa, kisha ufunguo. Karteri nyingi ni za aluminiamu, na kizibo kilichoingizwa upande kinakula nyuzi zake. Kukaza kwa nguvu zote za mkono mrefu hakuongezi usalama, kunaharibu. Kwa sababu ya mawe ya barabara, huu ni wakati mzuri wa kutazama kama karteri haijapigwa ao kupasuka.

Filtre ya zamani itolewe. Kisha kuna jambo la kuangalia mara mbili: mpira wake wa duara umetoka nayo? Ukibaki umeshikamana na moteri na filtre mpya ikafungwa juu yake, mafuta yote yanaweza kumwagika ndani ya dakika chache gari ikiwa njiani. Mpira wa filtre mpya upakwe mafuta mapya kidogo, filtre ifungwe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha iongezwe robo tatu ya mzunguko. Ufunguo hauhitajiki.

Mafuta mapya yatiwe pungufu kidogo kuliko kiasi kilichotajwa. Kwa moteri ya litre 3,7, litre 3 na nusu zinatosha kwanza. Baada ya kungoja kidogo, fimbo ya kupimia ipanguswe, iingizwe, itolewe. Mafuta yawe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Kuzidisha nako ni kubaya: chuma kinachozunguka chini kinapiga mafuta mpaka yanafanya povu, na povu halilainishi.

Gari iwashwe bila kukanyaga aksele. Taa nyekundu ya mafuta izimike kisha sekunde chache. Isipozimika, moteri izimwe mara moja, sababu isiyojulikana itafutwe. Ikizimika, gari iachwe dakika mbili, mtu aangalie chini kama hakuna kinachodondoka, azime, angoje dakika tano, apime tena. Filtre mpya imeshakunywa mafuta yake, kwa hiyo huenda kuongeza kidogo kutahitajika.

Mwisho, tarehe na kilometa ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kapo. Siku ya kuuza gari, mnunuzi anayeona karatasi hizo anajua ananunua kitu kilichotunzwa.

Mafuta ya zamani yanaenda wapi?

Kufika hapa, wengi wanafikiri kazi imekwisha. Beseni inachukuliwa mpaka nyuma ya nyumba, mafuta yanamwagwa kati ya mawe, yanapotea. Goma inafanya jambo hilo lionekane rahisi: mawe ya Nyiragongo, kutoka kwa milipuko kama ile ya mwaka 2002, yana matundu na nyufa nyingi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia chini ya miguu ya watu. Yanatelemka kuelekea ziwa, na mafuta yanaenda nayo.

Na ziwa ndiyo kisima cha mji. Regideso inapampu maji kutoka Ziwa Kivu, na familia nyingi zinaenda kuchota moja kwa moja kwenye mwambao na bidoni. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na mazingira limekuwa likitoa onyo hili: mafuta ya vidanji moja yanaweza kuharibu maji safi mara milioni moja ya kiasi chake.

Samaki nao wako katika hesabu. Chini sana, maji ya Ziwa Kivu hayana oksijeni, yamejaa gaze. Sambaza wanaishi katika tabaka ya juu tu, ile tabaka ambayo mafuta yanafikia kwanza. Na ziwa halina mpaka: maji yake yanagusa Rwanda, yanatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, na kuishia Tanganyika.

Taksi moto zinaongeza uzito wa jambo. Moto moja inabeba karibu litre 1 tu ya mafuta. Lakini moto inayotembea km 100 kila siku na kufanya vidanji kila km 2.000, inabadilisha kila siku 20. Hiyo ni karibu litre 18 kwa mwaka. Moto 100 zinazomwagia kando ya barabara zinaacha litre 1.800 ndani ya udongo wa mji.

Sheria iko. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kifungu cha 55 kinahesabu kumwaga takataka zenye sumu katika maji ya inchi kuwa kosa la jinai. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 juu ya ulinzi wa mazingira inaweka kanuni ya kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Lakini hakuna polisi atakayesimama nyuma ya kila nyumba.

Mambo ambayo kila mtu anaweza kufanya

Mafuta yaliyotoka yatiwe ndani ya kopo lile lile la mafuta mapya ao bidoni yenye kifuniko, na iandikwe juu yake kwa herufi kubwa: MAFUTA YA ZAMANI. Yasichanganywe na maji, esansi ao maji ya radiatere, sababu mchanganyiko huo haumfai mtu yeyote. Filtre ya zamani igeuzwe na kuachwa idondoke usiku mzima ndani ya beseni kabla ya kutupwa.

Bidoni hiyo isirudi jikoni hata siku moja. Bidoni iliyobeba mafuta ya moteri haioshwi ikawa safi, hata kwa sabuni na maji ya moto. Isibebe tena maji ya kunywa, mawese wala pombe.

Mafuta yakisha kukusanywa, yapelekwe ku garaji kubwa ao kituo cha esansi kinachokubali kuyapokea. Baadhi ya mafundi seremala na wajenzi wanayatafuta pia, wa kwanza kwa kupaka miguu ya mbao dhidi ya mchwa, wa pili kwa kupaka mbao za kumwagia beto. Matumizi hayo ni bora kuliko kumwaga, lakini yabaki mbali na kisima, mboga na mifugo. Kuyachoma kwa kupika ao kuwasha makaa ni kuvuta moshi wenye vyuma ndani. Kupaka vidonda vya mbwa ao ngozi ya ng'ombe ni kumtia mnyama sumu.

Wakuu wa mitaa wangeweza kusaidia kwa jambo dogo: pipa moja lenye kifuniko kwa kila sehemu ya maegesho ya moto na taksi, na mtu mmoja wa kulilinda. Vyama vya madereva vina wanachama na vinajuana na garaji. Siku ya posho, wakati wa salongo, mifereji inasafishwa kwa pamoja, na watu wanaona vizuri ni sehemu gani mawe yana weusi unaong'aa.

Kwa mwenye gari anayetaka kuanza, mara ya kwanza inafaa afanye pamoja na fundi anayemwamini, amlipe kazi yake na kumuuliza maswali yote. Mara ya pili atakuwa peke yake, na kabla ya kulegeza kizibo, bidoni ya kupokea mafuta ya zamani iwe tayari pembeni.